Safari ya Hatua Ndogo

(Hotuba hii ilisomwa redioni. Somo: Mwanzo 33:12-17)

Sisi ni mume na mke, wazazi wa watoto watatu, nasi twakaa Ziwa la Ng'ombe, upande wa bara wa kaskazini mwa Mombasa, kati ya Kongowea na Bombolulu. Tumeombwa tuzungumze nanyi kwa dakika chache, na jambo tulilolichagua huenda hamkulitazamia katika saa ya Neno. Twataka kusema juu ya kusafiri na watoto wadogo.

Mwajua jinsi mambo yalivyo kwetu kila mwezi wa Desemba. Shule zikifungwa tu, Mombasa hubeba mizigo. Ofisi za mabasi hujaa, nauli hupanda, na familia nyingi huelekea bara usiku, watoto wamepakatwa, mifuko i juu ya magoti, na baba amesimama mlangoni akihesabu vichwa. Twataka tufike. Tumwone nyanya, tule sikukuu, turudi kabla ya tarehe ya kazi. Safari yenyewe hatuihesabu kuwa kitu. Kwetu ni shida ya kuvumiliwa mpaka iishe.

Sasa fungueni pamoja nasi kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amekaa miaka 20 ugenini kwa Labani, naye yuko njiani kurudi kwao. Ana wake, ana watoto kumi na mmoja wa kiume na Dina binti yake, ana kondoo, mbuzi na ng'ombe wanaonyonyesha. Anakutana na Esau, kaka yake, aliyekuja na watu 400. Wanakumbatiana, wanalia. Kisha Esau anamwambia waondoke pamoja, yeye atatangulia.

Ilikuwa heshima kubwa. Watu 400 wenye nguvu mbele yako, nani angekuthubutu njiani? Lakini Yakobo akakataa kwa adabu. Akamweleza kaka yake kwamba watoto bado ni wachanga, na mifugo ina ndama wanaonyonya. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Bwana wangu atangulie, akasema. Mimi nitakuja nyuma, taratibu, kama miguu ya wanyama hawa na ya watoto hawa itakavyoweza.

Wako wanaosema kwamba Yakobo alitafuta kisingizio tu, kwa kuwa bado alimwogopa Esau. Yawezekana. Lakini hata kama moyo wake ulikuwa na hofu, maneno aliyoyasema ni maneno ya mchungaji anayejua kundi lake. Alijua ni nani aliye dhaifu kuliko wote, naye akamfanya huyo kuwa kipimo cha mwendo wa wote.

Sisi tunaokaa mtaa unaoitwa Ziwa la Ng'ombe twapaswa kuelewa upesi maneno hayo. Jina lenyewe lataja ng'ombe na maji. Yeyote aliyewahi kuchunga anajua kwamba kundi halifiki majini kwa mwendo wa fahali. Hufika kwa mwendo wa ndama.

Wapendwa, neno hilo lilitufikia nyumbani kwetu kwa njia hii. Kifungua mimba wetu ana miaka kumi. Kitinda mimba ana miaka miwili. Wa kati ana miaka saba, naye ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli. Ni ugonjwa wa damu, alioupokea kwetu sote wawili, baba na mama, ingawa sisi wenyewe hatuumwi. Mtoto wa namna hiyo akikosa maji mwilini, au akipigwa na baridi, au akichoka kupita kiasi, chembe za damu yake hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yakimshika, hulia kilio ambacho mzazi hakisahau. Kwa sababu hiyo miaka iliyopita, wengine waliposafiri, yeye alibaki na nyanya yake. Kisha Desemba ile tulipotaja safari mezani, aliweka kijiko chini akauliza, "Na mimi nitakwenda?"

Hatukumjibu siku ile. Jamaa walipopata habari, walikuwa na maneno mengi, nao walisema kwa upendo. Mwampeleka wapi mtoto mgonjwa? Kwani hamna moyo? Tukaenda kliniki, tukamwuliza daktari wake. Alitusikiliza, akatuambia kwamba mtoto anaweza kusafiri, mradi safari imfuate yeye, si yeye aifuate safari. Anywe maji mara kwa mara, bila kungoja kiu. Avae nguo nzito kwenye baridi. Apumzike kabla hajachoka. Asikose dawa zake za kila siku hata mara moja, na alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria ni adui mkali zaidi kwa mtoto kama huyo. Na tujue, katika kila mji tutakaolala, hospitali iko wapi.

Basi tukachukua kalamu na karatasi tukaipanga safari upya. Hatukuchagua mahali pa mbali, wala mahali penye sifa. Wageni wakisema Tanzania, hutaja Serengeti, Kilimanjaro na Unguja, na wengi huupita mkoa wa Tanga bila kuutazama. Sisi tukautaka huo huo, kwa sababu uko jirani, watu wake wasema Kiswahili kama sisi, na njia yake yaweza kukatwa vipande vidogo. Tukaweka sheria tatu. Tusisafiri usiku. Tusikae garini zaidi ya saa tatu au nne kwa siku. Na tukifika mji, tulale siku mbili kabla ya kuondoka, isipokuwa mahali pa kupumzikia tu.

Kabla ya kuondoka tuliomba. Mwamkumbuka Ezra kwenye mto Ahava, alipokusanya watu wake kurudi Yerusalemu. Aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda, akatangaza kufunga, wakamwomba Mungu awape njia njema wao wenyewe, na watoto wao wadogo, na mali yao. Watoto hawakusahauliwa katika ombi lile. Wametajwa waziwazi.

Siku ya kwanza tulivuka daraja la Nyali, tukafika Likoni, tukapanda feri. Kwa watu wazima wa Mombasa, kivuko ni mahali pa kusukumana na kutazama saa. Kwa mtoto wa miaka saba ambaye hajavuka mara nyingi, ni meli, na ni bure. Tuliacha feri ya kwanza iende kwa kuwa ilijaa sana, tukangoja ya pili. Hatukuona uchungu kungoja. Mombasa haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Dakika chache za kungoja ni kitu kidogo sana kando ya hilo. Siku hiyo tuliishia Msambweni, kwa jamaa. Mtu mwenye haraka angalikuwa amefika Tanga. Sisi tulikula samaki, na watoto wakalala saa mbili ya usiku.

Siku ya pili tulifika Lunga Lunga na kuvuka Horohoro. Wazazi, sikieni shauri hili. Mtoto naye ni msafiri, na mpakani huulizwa hati zake kama mtu mzima. Tayarisheni mapema hati ya kusafiria ya kila mmoja, hata ya yule wa mgongoni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo, mziweke katika mfuko mmoja usioachwa. Tulipokuwa tukingoja, bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alitusalimu kwa Kidigo. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Rabai, akamjibu kwa Kirabai, nao wakaelewana vizuri. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, mpaka umepita katikati yao. Watoto wetu walishangaa. Walidhani wamekwenda nchi ya wageni, kumbe wamekwenda kwa shangazi.

Kutoka Horohoro hadi Tanga si mwendo mrefu. Mkoa huo ni nchi ya mkonge, nanyi mtaona mashamba yake makubwa, mistari kwa mistari, hasa mkiendelea kuelekea Muheza na Korogwe. Mkonge si mmea wa asili ya huko. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitolewa Florida, Marekani, ikapitishwa Hamburg, ikavushwa bahari. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yote yale, na watu husifu jambo hilo, nao wana haki. Lakini sisi tukawaza pia juu ya ile 938 iliyokufa njiani. Mwenye biashara ya miche aweza kusema faida imepatikana. Mzazi hawezi kuhesabu hivyo. Yakobo hakumwambia Esau kwamba wakifika wengi yatosha. Alitaka wafike wote.

Tulipumzika Tanga. Siku ya tatu tulikwenda Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, kwenye barabara ile ile tuliyojia. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na maji kwa muda mrefu sana, yana vyumba virefu na vijia vyembamba, na popo juu. Ndani ni giza la kweli, la kutoona hata mkono wako. Kiongozi huingia na taa, na wageni humfuata. Kiongozi wetu alimtazama mtoto wetu wa kati, akaona jinsi anavyokanyaga kwa uangalifu, naye akapunguza hatua zake akaenda sambamba naye. Kifungua mimba hakutaka mwendo huo. Akakimbia mbele. Baada ya hatua kumi hivi tukamsikia akisimama, kisha akaita jina la mama yake. Mbele kulikuwa na giza. Taa ilikuwa nyuma, pamoja na yule aliyekwenda polepole.

Hakuna aliyemcheka. Alirudi, akashika mkono wa ndugu yake, wakaendelea.

Siku iliyofuata tulikuwa tumepanga kuondoka kwenda Korogwe, tulale huko, kisha tupande mlima. Tulifika stendi ya mabasi asubuhi. Wapiga debe walikuwa wakiita, mizigo imekwisha kupakiwa, nauli imekwisha kulipwa. Mtoto wetu wa kati akatuambia kwa sauti ndogo kwamba miguu imeanza. Wazazi wa watoto wa selimundu mwalijua neno hilo. Tulimpa maji, tukamfunika, tukatazamana. Abiria mmoja, mtu mwema, alituhimiza tupande, akisema mtoto atapata nafuu njiani, na nauli hairudishwi. Ni kweli, nauli haikurudi. Tukashusha mizigo, tukarudi nyumba ya wageni.

Hapo ndipo kifungua mimba wetu alipotoa la moyoni. Alikuwa amesikia kwamba katika milima ya Usambara kuna vinyonga wa namna nyingi, naye alikuwa akihesabu siku. Alisimama mlangoni akasema, "Kila siku twamngojea yeye. Mimi nitangojewa lini?"

Wapendwa wasikilizaji, tusiwe wepesi kulikemea swali hilo. Mtoto mwenye nguvu, katika nyumba yenye mtoto mgonjwa, hubeba mzigo usioonekana. Huambiwa asubiri, anyamaze, aelewe. Naye ni mtoto. Na swali lake si la watoto peke yao. Katika kanisa mara nyingi tumelisikia. Wenye mali huuliza mpaka lini watawangojea wasio na kitu. Vijana huuliza mpaka lini watawangojea wazee. Waliookoka zamani huuliza mpaka lini watamngojea yule anayeanguka na kuinuka.

Tulimketisha kitandani, mmoja wetu akamsimulia habari za Yakobo. Tukamwuliza kama anajua usiku wa kabla ya siku ile Yakobo alikuwa wapi. Alikuwa Yaboki, akishindana hadi alfajiri, akaguswa katika uvungu wa paja lake. Jua lilipomzukia alikuwa akichechemea. Kwa hiyo yule aliyesema twende polepole kwa ajili ya wadogo, yeye mwenyewe siku ile hakuweza kwenda mbio. Mungu alikuwa amemgusa, na baada ya kuguswa alijua habari za miguu inayouma.

Kisha tukamwambia kwamba hata yeye amekwisha kungojewa. Alipokuwa mdogo, na mama yake akambeba mgongoni kutoka sokoni Kongowea, nani alikwenda kwa mwendo wa nani? Alipougua surua, nani aliacha kazi wiki nzima? Hakuna aliyekuwa mtu mzima bila kungojewa na mtu. Tukamwahidi pia jambo moja, kwamba tukifika milimani, asubuhi moja nzima itakuwa yake, baba atatembea naye kwa mwendo wake yeye, hata kama ni mbio. Alifuta macho. Akauliza kama ndugu yake anahitaji maji zaidi.

Maumivu yalituliwa usiku ule, kwa dawa alizoagiza daktari, maji mengi, joto la blanketi na usingizi. Tulikaa siku mbili zaidi. Na kwa kuwa tulikaa, tuliuona mji ambao hatungaliuona. Tuliona stesheni ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kuelekea ndani mwaka 1893, nayo haikufika Moshi mpaka 1911, miaka 18 kwa safari ambayo gari humaliza sasa kwa siku moja. Jioni tulikaa ufukoni Raskazone, watoto wakachezea maji ya bahari ile ile ya kwetu. Majirani wa nyumba ya wageni walituletea uji. Watoto wetu walijifunza kwamba huko matatu huitwa daladala, na kwamba mtoto asiyemwambia mkubwa "shikamoo" huulizwa kwao ni wapi.

Kisha tukaenda. Njiani Muheza tulinunua machungwa, tukalala Korogwe, asubuhi tukafika Mombo, tukapanda mlima hadi Lushoto, kama kilomita 33 za kona baada ya kona, kupitia Soni. Lushoto uko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwetu sisi wa pwani jioni yake ni baridi. Tuliwavika watoto sweta kabla hatujafika, bila kungoja watetemeke. Na kifungua mimba alipata asubuhi yake, akaona vinyonga watatu, akarudi na matope hadi magotini.

Karibu na Lushoto kuna mahali paitwapo Irente. Ni ukingo wa mlima. Ukisimama hapo nchi huisha mbele ya miguu yako, na chini kabisa waiona nyika ya Wamasai imelala hadi upeo wa macho, na magari barabarani ni kama siafu. Hapo Irente ndugu zetu wa Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, wana makao ya watoto wachanga waliofiwa, na kuna shule ya watoto wasioona. Tulipaona, tukanyamaza. Watu wengine hufika pale kutazama mbali. Kanisa limekaa pale kuwatazama wale walio karibu, wasioweza kwenda peke yao.

Tulipokuwa juu tulikumbuka jambo la kwetu. Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa na mke wake, Rosina. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosina akafa, na mtoto wao mchanga akafa pia, nao walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande huu wetu wa bara. Kaburi hilo si mbali na nyumba zetu. Miaka minne baadaye, mwaka 1848, Krapf alisafiri kwa miguu hadi milima hiyo hiyo ya Usambara, akamwona mfalme Kimweri huko Vuga. Akarudi tena mwaka 1852. Twamkumbuka kama msafiri hodari, na ndivyo alivyokuwa. Lakini tukiwa pale na watoto wetu watatu, tuliwaza pia kwamba mtu yule alipanda milima ile akiwa amewaacha wawili mchangani Mombasa. Si kila mmoja apewaye nafasi ya kwenda na watoto wake. Ukipewa, ishike.

Sasa tukusanye maneno haya, maana dakika zetu zaisha.

Kwanza, kwenu wazazi. Mwendo wa polepole si uvivu, ni kazi. Ni lazima kupanga mapema, kuondoka mapema, kulala mapema. Chukueni maji safi mengi kuliko mnavyodhani. Msikose pakiti za chumvi na sukari za kuharisha. Kama hamna, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi vitasaidia mpaka mfike hospitali. Pangeni fedha za siku mbili zaidi ya safari yenu, ili mtoto akiugua msilazimike kuchagua kati ya nauli na mtoto. Na wale wenye mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, mwulizeni daktari wake kwanza, na analosema lifuateni. Pengine atasema hapana kwa mwaka huu. Basi upendo utakuwa kubaki nyumbani pamoja naye.

Wala msiseme kwamba safari ni ya wenye fedha. Kama Tanga ni mbali, Rabai ni karibu, na kanisa la kale na makumbusho ya Krapf yako pale. Kama Rabai ni mbali, Frere Town mwaweza kwenda kwa miguu, mkawaonyesha watoto kengele, mkawaeleza habari za watumwa waliowekwa huru na kupewa makao pale tangu miaka ya 1870. Mtoto hapimi safari kwa kilomita. Huipima kwa muda ambao baba alikuwa hana haraka.

Pili, kwetu sote tulio kanisani. Luka atuambia, katika sura ya pili, kwamba Mariamu na Yusufu walisafiri siku nzima wakidhani mtoto yu pamoja na wenzao katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa katika kundi kubwa, na kila mtu alidhani mwingine anaye. Ndivyo watu wanavyopotea katika makanisa makubwa. Mjane hajaonekana mwezi mzima, na kila mmoja adhani mwingine amemtembelea. Kijana ameacha kuja, na msafara waenda. Yafaa tusimame jioni moja, tuhesabu, na tukimkosa mtu, turudi nyuma, hata kama ni safari ya siku tatu.

Tatu, kwako wewe unayekwenda polepole. Labda unasikiliza ukiwa kitandani. Labda wewe ndiwe yule anayengojewa na wengine, na moyo wako wasema kwamba wewe ni mzigo. Sikiliza. Isaya asema juu ya Mungu kwamba ni mchungaji awakusanyaye wana-kondoo mikononi, na wale wanaonyonyesha awaongoza taratibu. Mchungaji huyo hakulazimishwa kwenda polepole. Amependa. Nasi katika pango la Amboni tuliona kwa macho kwamba taa hukaa na mdogo, na wenye nguvu wakitaka mwanga hurudi alipo.

Yakobo alifika. Maandiko yasema alifika Sukothi, akajijengea nyumba, na mifugo wake akawafanyia vibanda. Esau alifika kabla yake, bila shaka, siku nyingi kabla. Lakini Yakobo alipohesabu jioni ile, hakukosekana mtoto hata mmoja.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe ujuaye miguu yetu, twakukabidhi wote walio njiani mwezi huu, madereva na abiria, wavukao Likoni na wapandao milima. Walinde watoto waliolala mapajani mwa wazazi wao. Wape faraja wazazi wanaokesha usiku na mtoto mwenye maumivu. Utufundishe sisi wenye nguvu kupunguza hatua zetu, na utufikishe sote, tusikose hata mmoja. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Kwaherini.